3.08, 3.55 au 4.10? Jua kwanza una injini gani, ndo ununue gia za difu

Swali la gia za difu, yaani zile namba kama 3.08 au 4.10 zinazokwambia propela inazunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, kwenye magari ya misuli ya Kimarekani, zile Chevelle, Camaro, Mustang, GTO na Charger za miaka ya 60 mpaka mwanzoni mwa 70, watu wengi wanalianza kinyumenyume. Mtu anauliza niweke 3.73 au 4.10, ukimuuliza injini gani anakujibu ni 396 (ujazo wa injini kwa inchi za ujazo), imeandikwa kwenye fenda. Sasa fenda ndo inavuta gari? Chevrolet wenyewe mwaka 1970 walitoa Chevelle SS zenye beji ya 396 huku ndani ya bloku mna ujazo wa inchi 402, na hapo ni kiwandani kabisa, bado hujaja kwa wamiliki waliofuata ambao kila mmoja kabadilisha anachotaka na beji kaiacha palepale maana inapendeza.

Msimamo wangu ni kwamba gia ya difu unaichagua kwa kuangalia injini inavuta vizuri ikiwa kwenye rpm (mizunguko kwa dakika) ngapi, giaboksi ina gia ya kwanza ya namna gani, na tairi lina urefu gani. Umaarufu wa 4.10 hauna kazi hapo. Kwahiyo naanza na injini yenyewe, alafu difu iliyoko chini ya gari, baada ya hapo ndo tuzipambanishe namba.

Injini: achana na stika, soma chuma

Kuna namba za aina mbili na watu wanazichanganya sana. Kuna namba za kalibu, zile zilizotokeza juu ya chuma kwasababu zilikuwa ndani ya ukungu wakati bloku inamiminwa, na kuna namba za kugongwa, ambazo zimezama, zilipigwa kwa nyundo au mashine baada ya injini kufungwa. Za kalibu zinakwambia chuma hiki kilikusudiwa kuwa nini. Za kugongwa zinakwambia kiwanda kiliifunga injini hii kwa ajili ya gari gani.

Tuchukue smolbloku ya Chevrolet (familia ya V8 zenye bloku ndogo, kama 302, 350 na 400) maana ndo imejaa kila mahali. Namba ya kalibu iko nyuma kabisa ya bloku, upande wa dereva, kwenye ule ukingo unaoshikana na giaboksi. Ingia na brashi ya waya na kitambaa chenye petroli, sugua hasa, maana hapo kuna oili na vumbi la miaka hamsini limekuwa ugoro, alafu ingiza simu upige picha badala ya kujinyonga shingo. Ukikuta 3970010 hiyo mara nyingi ni 350. Vizuri, ila usianze kushangilia, maana bloku hiyo ya 010 ilitengenezwa kuanzia 1969 mpaka mwishoni mwa miaka ya 70, imeingia kwenye Camaro, kwenye pikapu, kwenye magari ya kifamilia, kila kitu. Ukihamia upande wa abiria, ukingo uleule wa nyuma, utakuta tarehe: herufi moja ya mwezi, A ni Januari mpaka L ni Desemba, inafuata siku, alafu tarakimu moja tu ya mwaka. Sasa ona mtego, ukisoma C 14 9 hiyo ni tarehe 14 Machi ya 1969 au ya 1979, na muuzaji yeyote anayejua biashara atakwambia ni 69.

Hapo ndo unakuja mbele. Mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria kuna kijisahani bapa cha chuma ambacho ni sehemu ya bloku, mara nyingi alteneta imekiziba. Pale pamegongwa herufi ya kiwanda, V ikiwa Flint na T ikiwa Tonawanda, mwezi na siku, alafu herufi za aina ya injini. DZ kwa mfano ni 302 ya Camaro Z/28 ya 1969, na kwasababu kila mtu anajua hivyo ndo maana kuna watu wanagonga DZ bandia. Angalia uso wenyewe wa hicho kijisahani kabla hujaangalia herufi. Uso wa kiwandani una vimistari vyembamba sana vya mashine vinavyokimbia kutoka mbele kwenda nyuma, ukikuta pamelainishwa laini kama kioo au pana mikwaruzo ya duara ya msasa basi kuna mtu kapita hapo.

Kuhusu "hii ni bolti nne", yaani vishikio vya kranki vyenye bolti nne badala ya mbili, hakuna namba ya nje kwenye 010 itakayokuhakikishia, zilitoka za aina zote mbili. Fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) uone. Asiyekubali kufungua sampu mlipe bei ya bolti mbili.

Silinda hedi nazo zinabadilisha hesabu ya difu kuliko watu wanavyodhani. Hedi za Chevrolet zenye alama ya nundu mbili pale mwishoni, ambazo namba zake zinaishia 461, 462, 291 au 186, zina chemba ndogo ya kama cc 64, mgandamizo unapanda, injini inapumua na inakubali kuzungushwa. Hedi ya 882 ya miaka ya 70 chemba yake ni cc 76, inasifika kwa kupasuka, na 350 yenye hedi hizo ikiwa na kem (shafti inayofungua vali) ya kiwandani ikishapita rpm elfu nne na kitu inabaki kelele tu. Ukiweka 4.10 kwenye injini kama hiyo umeilazimisha iishi mahali ambapo haina kitu cha kutoa. Na ukikuta tapeti kava zimefungwa kwa bolti zinazopita katikati badala ya pembeni, hizo hedi ni za miaka ya 80 mwishoni kuja mbele, hadithi ya "kila kitu orijino" iishie hapo.

Bigibloku za Chevrolet (V8 zenye bloku kubwa), 396, 402, 427 na 454, kwa nje zinafanana kabisa. 427 na 454 mpaka kipenyo cha silinda ni kilekile, inchi 4.251, tofauti ni urefu wa safari ya pistoni, 3.76 kwa 427 na 4.00 kwa 454. Njia rahisi bila kufungua kitu ni kuangalia balansa ya mbele, ile pulei nzito ya kwenye kranki. 454 inasawazishwa kwa nje, kwahiyo balansa yake ina uzito upande mmoja, haiko sawa mzunguko mzima, wakati ya 427 na 396 ni duara lililokamilika. Mambo ni hayohayo kwa smolbloku ya 400, na hiyo ukipata ya mwanzoni mwa miaka ya 70 utaona vizibo vya maji vitatu kila upande wa bloku wakati ndugu zake wana viwili.

Kwa Ford utani ni wa 351. Kuna 351 Windsor na 351 Cleveland, zote kipenyo cha inchi 4.00 na safari ya 3.50, ukisoma kwenye karatasi ni mapacha ila spea karibu zote za juu haziingiliani. Hesabu bolti za tapeti kava, Windsor ina 6 kwa kila kava, Cleveland ina 8. Alafu fuata hozipaipu ya juu ya rejeta, kwenye Windsor inaingia mbele ya manifoldi, kwenye Cleveland inashuka wima kwenye bloku yenyewe. Ukishajua ni Cleveland angalia kona ya hedi kama pana 2 au 4 imetokeza. Hedi ya 4V (ya kabureta yenye matundu manne, sio vali nne) ina vali ya kuingiza ya inchi 2.19 na matundu makubwa mno, chini kwenye rpm ndogo imelala, juu inaamka kama imechokozwa. Ya 2V vali yake ni 2.04 na kwa gari la mtaani mi naipenda zaidi, kelele za wapenda 4V nazijua. Namba za Ford zenyewe zinasomeka kirahisi, C8OE maana yake C ni miaka ya 60, 8 ni 1968, O ni familia ya Fairlane, E ni idara ya injini. D badala ya C ni miaka ya 70. Kumbuka inakwambia mchoro wa kile kipande ulitoka mwaka gani, kipande chenyewe kinaweza kuwa kilitumika miaka kadhaa baadae.

Pontiac ni rahisi na ngumu kwa wakati mmoja, kuanzia 326 mpaka 455 kwa macho huwezi kutofautisha, ila wanakupa herufi mbili zimegongwa mbele ya bloku upande wa abiria chini ya hedi, na hedi ina namba kubwa kwenye tundu la ekzosi la katikati. Mopar, yaani Dodge na Plymouth, 383 na 440 zinafanana sura ila bloku ya 440 ni ndefu kwenda juu, inchi 10.725 kwa 9.98, ukiziweka pamoja unaona 440 imepanuka juu, ukiwa na moja tu tafuta namba zilizogongwa.

Chini ya gari kuna difu gani

Wa GM (Chevrolet, Pontiac, Buick) lala chini na uhesabu bolti za kava la nyuma. Difu ya bolti 12 ina krauni (gia kubwa ya duara ndani ya difu) ya inchi 8.875 na hafu shafti (zinazokwenda kwenye magurudumu) za meno 30, ilikuwa kwenye magari madogo ya Chevrolet kuanzia 1965 mpaka 1972. Ya bolti 10 ya zamani ina krauni ya inchi 8.2 na shafti za meno 28. Kwa injini ya mtaani yenye tairi za kawaida ile 8.2 inavumilia, watu wanaidharau kupita kiasi, ila ukiifungia tairi pana zinazoshika na klachi kali ukawa unairusha kwenye taa, ni suala la muda. Kuna pia bolti 10 ya inchi 8.5 iliyokuja miaka ya 70, hiyo ni imara kweli na inapatikana kwa bei ya kawaida kuliko 12, kwahiyo usikimbie ukisikia bolti kumi, uliza kumi ipi. Angalizo jingine, pikapu nazo zilikuwa na difu ya bolti 12 ila pinioni (gia ndogo inayozungusha krauni) na spea za ndani haziko sawa na za gari dogo, wanaouza "12 bolti" bila kusema ya nini wapo wengi.

Ford wana inchi 8 na inchi 9, na kwa mbali zinachanganya maana zote hazina kava la nyuma, tumbo la difu linatoka kwa mbele likiwa kipande kimoja na krauni na pinioni yake. Kipimo cha gereji ni hiki: chukua soketi ujaribu kuiingiza moja kwa moja kwenye nati mbili za chini kabisa. Ikiingia vizuri ni inchi 8. Ikigoma kwasababu chuma cha difu kimeifunika nati na unahitaji spana pete, hongera, ni inchi 9. Ukiona herufi N imetokeza kwenye chuma cha mbele ujue ni kile chuma kigumu zaidi, wenyewe wanakitafuta kwa tochi. Kuna na kibati kidogo kimefungwa kwenye moja ya bolti, kikiandikwa 3L50 ni gia ya 3.50 na ile L inamaanisha ina mfumo wa kubana magurudumu yote mawili. Kibati kinaweza kuhama difu, kwahiyo hakiki.

Mopar wana 8¾, nayo inatoka kwa mbele, na kuna tatu zinazotambulika kwa tarakimu za mwisho za kalibu, 741, 742 na 489. 741 ndo yenye pinioni nyembamba, ya kwanza kuepuka kama una 440. Juu yake kuna Dana 60, krauni inchi 9¾, ile waliyoipa injini yao kubwa ya Hemi na 440 zenye gia za mkono. Ni nzito, ni ghali, na kama injini yako ni 318 huihitaji hata kwa ndoto.

Ukilinganisha 12 bolti ya GM na inchi 9 ya Ford, maana hilo ndo bishano la kila siku: inchi 9 ina nguvu zaidi kwasababu pinioni inashikwa na beringi ya tatu upande wa ndani, na unaweza kumiliki matumbo mawili, moja 3.25 la safari na moja 4.30 la mashindano, ukabadilisha Jumamosi asubuhi. Ubaya wake pinioni imekaa chini sana ya kitovu cha krauni, meno yanasuguana zaidi na nguvu kidogo inaliwa njiani kama joto. 12 bolti inapoteza kidogo zaidi ya hapo? Hapana, inapoteza pungufu, ila kila ukitaka kubadili gia unapima na kupanga shimu ukiwa chini ya gari, na hafu shafti zake zimeshikwa kwa ndani na kipete cha umbo la C, shafti ikikatika gurudumu linaweza kutoka nje pamoja na kipande chake. Kwa gari la kuzunguka nalo mjini na mara moja moja barabara kuu, 12 bolti inatosha na inabaki. Anayeshindana kila wiki aende inchi 9.

Sasa namba

Kabla ya kununua, jua uliyonayo. Weka gia nyutro, piga chaki kwenye propela shafti na kwenye tairi. Kama difu ni ya kawaida isiyobana, inua gurudumu moja tu, lizungushe mizunguko miwili kamili, hesabu propela imezunguka mara ngapi, hiyo ndo namba yako. Kama inabana, inua yote mawili, zungusha mzunguko mmoja. Propela ikizunguka mara tatu na nusu na kidogo una 3.55. Ukifungua kava unaweza kupata jibu lisilo na ubishi kwa sababu namba za meno zimegongwa pembeni mwa krauni, 41 na 11 ni 3.73, 41 na 10 ni 4.10, 39 na 11 ni 3.55.

Hesabu ya rpm ni maili kwa saa mara namba ya gia mara 336, gawa kwa urefu wa tairi kwa inchi. Tairi ya 255/60R15 ina urefu wa kama inchi 27, kwahiyo ukiwa maili 70 kwa saa, kama kilomita 113, giaboksi ikiwa gia ya nne ya moja kwa moja bila ovadraivi (gia ya juu inayopunguza rpm barabarani), unapata hivi:

2.73: rpm 2,380
3.08: rpm 2,680
3.31: rpm 2,880
3.55: rpm 3,090
3.73: rpm 3,250
4.10: rpm 3,570
4.56: rpm 3,970

Otomatiki ongeza kidogo maana konvata, inayoshika nafasi ya klachi, inateleza.

Kati ya 3.08 na 4.10 kuna karibu rpm 900 kwa mwendo uleule, na hizo 900 utazisikia masikioni masaa mawili mfululizo, utazilipia petroli, na joto la injini litapanda kiangazi. Upande wa pili, kwenye robo maili, gari linalovuka mstari kwa maili 100 likiwa na 3.08 injini iko rpm 3,800 tu, yaani ilikuwa bado inajinyoosha, likiwa na 4.10 iko 5,100. Hapo ndo 4.10 ilipata jina lake na inalistahili, mahali pake pakiwa hapo.

Sasa zishikanishe na injini uliyoitambua. Z/28 ya 1969 ina 302, torki (nguvu ya kuzungusha) yake ya juu pauni-futi 290 inapatikana rpm 4,200 na nguvu za farasi 290 ziko rpm 5,800. Injini fupi, ya kelele, inayotaka kuzungushwa. Chevrolet waliipa 3.73 kama gia ya kawaida kabisa na hawakukosea, ukiweka 3.08 utakuwa na gari la mashindano linalopitwa na mabasi. Upande wa pili weka Buick 455 Stage 1 ya 1970, torki pauni-futi 510 na inakuja rpm 2,800. Angalia pale juu, 3.08 kwa maili 70 uko 2,680, yaani umekaa mlangoni kabisa pa nguvu yote ya injini, ukikanyaga gari linaondoka bila hata kushusha gia. Mtu anayeifungia hiyo 455 gia ya 4.10 kwa ajili ya barabara anapata moshi wa tairi na gia ya kwanza inayoisha kabla hajavuka makutano. 440 Magnum ni familia hiyohiyo, pauni-futi 480 kwa rpm 3,200, hiyo 3.23 inaifaa sana. Chevelle ya LS6 yenye 454 na farasi 450 ilikuja na 3.31 kama gia ya kawaida na 4.10 kwa anayelipia, na kama ingekuwa yangu ningebaki na 3.31 bila kufikiria mara mbili. (Farasi wa kabla ya 1972 walipimwa injini ikiwa benchi bila mizigo yake ya kawaida, usilinganishe na namba za gari la juzi.)

Giaboksi ndo mtu wa pili kwenye meza. Zidisha gia ya kwanza kwa gia ya difu. Muncie M21, giaboksi ya mkono ya gia nne ya GM, ina gia ya kwanza ya 2.20, ukiizidisha na 3.08 unapata 6.8, hapo kila ukiondoka unaichoma klachi, mlima ndo kabisa. M21 ile na 3.73 ni 8.2, inaondoka vizuri. M20, ndugu yake, ina 2.52, kwahiyo ikiwa na 3.31 unapata 8.3, kuondoka kulekule na barabara kuu umeokoa rpm karibu 400. Ndo maana mtu akiniuliza M21 au M20 kwa gari la mtaani namwambia M20 kila siku, jina la M21 lisikubabaishe. Turbo-Hydramatic 350 (TH350), ambayo ni otomatiki, nayo gia ya kwanza ni 2.52 na konvata inaisaidia, kwahiyo hata 3.08 inaondoka bila malalamiko, 3.31 au 3.55 ndo inachangamka.

Ukiwa na ovadraivi hesabu yote inageuka. 700-R4, otomatiki ya GM ya gia nne, ina gia ya kwanza ya 3.06 na ya nne ni 0.70. Ukiifungia 3.73 unapata 11.4 kwenye kuondoka na barabarani ni sawasawa na kuwa na 2.61, rpm kama 2,270 kwa maili 70. 4.10 barabarani inakuwa 2.87, bado safi, ila kwenye kuondoka ni 12.5, gia ya kwanza inakuwa ya kugusa tu na kutoka. Kwa ovadraivi mi naishia 3.73 na hata 3.42 sio mbaya kabisa kwa bigibloku. Ukiwa na 3.08 na ovadraivi, hiyo ya nne inakuwa 2.16, rpm 1,880, injini yenye kem kali itatetemeka na kugoma, utaishia kuendesha na gia ya tatu miaka yote, sasa ulinunua giaboksi ya nini.

Tairi ndo watu wanasahau. 235/60R15 ina urefu wa inchi 26, 275/60R15 ina inchi 28. Ukitoka ya kwanza kwenda ya pili na difu yako ya 3.73, gari linajisikia kama limepewa 3.46. Kwahiyo kabla hujatoa hela ya krauni na pinioni, angalia kama sio tairi za nyuma ulizobadilisha mwaka jana ndo zimelifanya gari zito.

Kubana au isibane

Difu ya kawaida inapeleka nguvu kwenye gurudumu lenye mshiko mdogo, unaacha mstari mmoja wa tairi. Posi ya GM, Sure-Grip ya Mopar na Traction-Lok ya Ford zinabana yote mawili, na kwa kweli ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, 3.31 yenye kubana inashinda 4.10 isiyobana, maana ile ya pili itazungusha tairi moja tu palepale ulipo. Detroit Locker inashika kwa nguvu zaidi ya zote ila kwenye kona inagonga na kupiga kelele na barabara yenye mvua inaweza kukugeuza, iache kwa wa mashindano. Zile zenye klachi ndani zinahitaji dawa yake kwenye oili, usipoweka zinalia na kuruka ukikata kona taratibu, na wengi wamefungua difu nzima bure kwasababu ya chupa moja ya dawa.

Kitu cha GM kinachokula hela za watu: kibebeo cha krauni kwenye 12 bolti kinachopokea 3.08 mpaka 3.73 hakipokei 4.10 ya kawaida, unahitaji kibebeo kingine au krauni nene maalum. Dana 60 nayo ina mpaka wake, 4.10 kushuka chini ni kibebeo kimoja, 4.56 kupanda ni kingine. Inchi 9 na 8¾ hazina usumbufu huo.

Ningenunua nini

350 yenye hedi nzuri na TH350 au M20, tairi za inchi 26 au 27, mtu anaitumia wikiendi na safari za saa moja: 3.55 yenye kubana, na kama safari ni ndefu 3.31. Cleveland 4V au 302 ya Z/28: 3.50 kwenda 3.73, usishuke. 455, 440, 454 bila ovadraivi: 3.08 mpaka 3.31, na ukitaka haraka zaidi weka hela kwenye tairi. Yoyote yenye ovadraivi: 3.73. 4.10 na kwenda juu ni kwa gari linalobebwa kwenye trela kwenda uwanjani, au mtu anayeishi dakika tano kutoka kazini na hapiti barabara kuu.

Fundi akishafunga, mwambie akuonyeshe alama za rangi kwenye meno ya krauni, mguso uwe katikati ya jino, usiwe umekimbilia ncha wala mzizi. Safari ya kwanza endesha taratibu dakika 15 au 20, simama uache difu ipoe kabisa, rudia, na maili 500 za kwanza usivute trela wala kuchoma tairi, gia mpya zikipata joto kali mapema zinaanza kulia na hazinyamazi tena. Alafu badilisha na kile kigia cha plastiki cha spidomita kwenye giaboksi. Ukitoka 3.08 kwenda 3.73 bila kukibadilisha, gari likiwa maili 60 kweli spidomita inakuonyesha kama 73.